Shahidi Hang'olewi: Namna ya Kuliokoa Kaburi la Kale Bila Kuliua

Mwezi wa Shaaban ukikaribia kwisha, makundi ya WhatsApp ya watu wa pwani hujaa picha za namna moja. Ya kwanza inaonyesha maziara yaliyomezwa na vichaka. Ya pili, vijana wamekunja misuli juu ya magoti, mafyekeo mkononi. Ya tatu ndiyo inayozua ugomvi: kaburi la mawe lililokuwapo kabla ya mababu zao limepigwa lipu ya saruji, limepakwa rangi, jeupe pe. Nusu ya watu wanaandika "Mungu awalipe". Nusu ya pili wanaandika "Mmeliua". Aliye katikati anabaki na swali la haki kabisa: kaburi linauawaje kwa kusafishwa?

Najibu nikiwa upande wa walioua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa vijana wa picha ya tatu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Tulichangishana, tukanunua mifuko sita ya saruji, tukapika na pilau. Asubuhi ya kwanza bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo yake alimwona mwenzetu ameng'oa jiwe jembamba lililoinama, analibeba kwenda kulitupa kwenye kifusi. Akasimama.

"Mwanangu, hilo ni shahidi. Lirudishe."

"Shikamoo, bibi. Hili limeshaanguka."

"Marahaba. Kuanguka si kuondoka. Lirudishe ulipolitoa."

Tukalirudisha. Ila hakuna aliyekumbuka lilikuwa limeelekea wapi, wala kama lilikuwa la kichwani au la miguuni. Dakika tano za usafi zilikuwa zimefuta jambo ambalo mvua ya miaka mia haikulifuta.

Kwa wasiolijua neno hili: mashahidi ni yale mawe, au vipande vya mbao, vinavyosimamishwa kichwani na miguuni pa kaburi. Jina lina maana yake. Jiwe linashuhudia kwamba hapa kuna mtu, kalazwa hivi, kaelekea kule. Kwenye maziara mengi ya kale hakuna jina wala tarehe, kwa hiyo shahidi ndiye hati pekee iliyobaki. Makaburi makubwa zaidi yana kuta za mawe zilizozunguka, wakati mwingine zenye vidaka na nakshi. Na yako yale ambayo ukutani mwake, upande wa kichwa, inapanda nguzo kama mnara mdogo. Hayo tunayaita makaburi ya nguzo. Ukifika Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi hapa Dar es Salaam, Tongoni kusini ya Tanga, Malindi, Gede au Ras Mkumbuu kule Pemba, utayaona. Pale Gede lipo pia kaburi jingine linalojulikana kwa tarehe yake: limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Sasa tuyatenge maneno, maana nusu ya ugomvi wa WhatsApp unatokana na watu kutumia neno moja kwa kazi nne. Chukua kanga ya marehemu bibi yako iliyo kashani. Kuitoa, kuianika kivulini na kuikung'uta vumbi ni kutunza. Kuitia kafuri ili nondo wasiile, na kuikunja upya ili isikatike kwenye mikunjo, ni kuhifadhi. Imechanika pembeni ukaishona kwa uzi wa aina ileile, mshono ukaonekana kidogo, hapo umekarabati. Ukienda dukani ukanunua kanga mpya yenye jina lilelile ukaitia kashani, umejenga upya. Kanga mpya si dhambi, lakini bibi hakuivaa.

Katika makaburi, mtu wa kujitolea asiye na mafunzo anaweza kufanya kazi ya kwanza yote, na sehemu kubwa ya kazi ya pili. Ya tatu inataka fundi. Ya nne kwa kawaida haitakiwi kabisa. Sisi na mifuko yetu sita tulirukia ya nne moja kwa moja.

Mtungi unaotoa jasho

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba saruji ni imara kuliko chokaa, kwa hiyo inalinda zaidi. Nusu yake ya kwanza ni kweli. Tatizo liko kwenye nusu ya pili.

Kila aliyekulia nyumba yenye mtungi anajua kwamba maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi unatoa jasho. Udongo uliochomwa una matundu madogo, maji yanapenya polepole, yanafika nje, yanakauka na kuondoka na joto. Upake mtungi rangi ya mafuta, jasho litakoma na maji yatakuwa ya uvuguvugu. Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo makaburi haya yamejengwa kwalo, ni ndugu wa mtungi. Limejaa matundu, linanyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye upepo wa bahari, kisha linautoa. Lipu ya chokaa iliyopakwa juu yake na mafundi wa kale nayo inapumua vilevile. Unyevu unaingia, unyevu unatoka, ukuta unaishi.

Saruji ni ile rangi ya mafuta. Unyevu unaopanda kutoka chini unaikuta imeziba njia, nao pwani kwetu haupandi peke yake, unabeba chumvi. Umeshaona nyumba iliyo karibu na bahari, rangi imevimba, ukiigusa inamwaga unga mweupe? Ndiyo chumvi hiyo. Maji yanapokauka chumvi inaganda na kuwa fuwele, fuwele zinakua, na zikikua ndani ya tundu la jiwe zinalipasua kutoka ndani. Kwenye lipu ya chokaa kazi hiyo inatokea juujuu: lipu ndiyo inayokufa, unapaka nyingine baada ya miaka. Kwenye saruji inatokea nyuma, gizani, ndani ya jiwe lenyewe. Kwa nje kaburi linang'aa, huku kwa ndani jiwe linageuka unga.

Hapo ndipo watu wengi hupata shida kuelewa: lipu ya chokaa imekusudiwa iwe dhaifu kuliko jiwe. Ni kama kandambili. Unataka iishe kandambili, si nyayo.

Chokaa yenyewe ina hadithi ninayoipenda. Wazee walipanga magogo kwa duara, wakaweka juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha. Hiyo ndiyo tanuu. Joto likifika karibu nyuzi 900 jiwe linaachia hewa ya kaboni dioksidi iliyofungika ndani yake, kinabaki kitu chepesi cheupe kinachounguza mkono. Ukikimwagia maji kinachemka chenyewe bila moto. Hapo chokaa imezimwa. Inaachwa ilale, wiki, hata miezi, kisha inachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani. Na pale ukutani, polepole, inavuta kutoka hewani gesi ileile iliyoitoa motoni, mpaka inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa ni kitu kimoja juu ya kitu kimoja. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, na wakati huo lile kaburi la Gede lenye tarehe lilikuwa limesimama miaka 425 bila hata kijiko chake.

Jambo dogo la fundi, kwa atakayefika huko: mchanga wa ufukweni hautumiki, una chumvi. Unatakiwa mchanga wa mtoni au wa shimoni, uliooshwa. Mchanganyiko wa kawaida ni fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga, na ukishapaka unafunika kwa magunia yaliyolowa, usikauke haraka. Wala hakuna haja ya kwenda kuvunja matumbawe hai baharini. Miamba ya nchi kavu ya pwani yetu ni matumbawe ya zamani, inachomeka vizuri.

Hakuna rupia za Mjerumani

Kama saruji inaua kwa upendo, sururu inaua kwa tamaa. Sijui ni maziara gani ya kale ambayo hayajawahi kuchimbwa usiku na mtu aliyeambiwa kuna rupia za Mjerumani au dhahabu ya Mreno. Hebu tulifikirie kidogo tu. Watu waliozikwa pale walikuwa Waislamu. Maiti ya Mwislamu huoshwa, huvishwa sanda, hulazwa kwenye mwanandani, hufunikwa kwa kiunza na mchanga. Haendi na kitu. Anayechimba kaburi la nguzo atapata mifupa ya mtu na laana ya ukoo wake.

Kilichokuwa na thamani kilikuwa nje, machoni pa kila mtu, nacho kimeshaibwa sehemu nyingi. Kwenye nguzo za Kunduchi na Kaole utaona mashimo ya duara, kama macho. Humo mlikuwa na mabakuli na sahani za kauri kutoka China, zilizopachikwa ukutani lipu ikiwa mbichi. Hazikuwa pambo tu. Kauri za China zilibadilika mitindo kila zama, na wataalamu wanaifahamu mitindo hiyo, kwa hiyo bakuli moja likiwa mahali pake linaweza kukuambia kaburi lisilo na maandishi ni la karne gani. Likibanduliwa na kuuzwa linakuwa bakuli zuri lisilosema kitu, na kaburi nalo linakuwa bubu.

Uvumi mwingine, huu unatoka hata kwa watu waliosoma: "Hayo si yetu, ni ya Washirazi", au ya Waarabu, au ya Wareno, kutegemea nani anasimulia. Makaburi ya nguzo ni kazi ya miji ya Waswahili, na ndiyo sababu unayaona kwenye ukanda wetu huu wa pwani. Waliozikwa humo je? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka maeneo ya Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wa watu hao wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, na hiyo ilitoka zaidi upande wa mama. Upande wa baba ulikuwa na watu wa Asia, hasa Uajemi, waliochanganyika nao tangu takribani mwaka 1000. Yaani mapokeo ya wazee kuhusu Shirazi, mji wa huko Uajemi, yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini anayesema "si wetu" amemsahau mama.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halistahili kuitwa uvumi. Muumini anauliza: je, dini inaruhusu? Katika Sahih Muslim imo hadithi kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alikataza kupaka chokaa makaburi, kuyakalia na kujenga juu yake. Masheikh wanatofautiana kuhusu upana wa katazo hilo, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kikundi cha kujitolea kinachoanza kazi bila kumuuliza shehe wa pale na wazee wa ukoo kinajitafutia balaa, na kwamba sehemu kubwa ya kazi haigusi kabisa mvutano huo. Kufyeka, kuzuia mbuzi, kuelekeza maji ya mvua na kuweka njia ili watu wasikanyage makaburi, hakuna anayeyapinga. Ukitazama vizuri, katazo la kuyakalia linaunga mkono kazi hiyo.

Siku ya kazi iliyo sawa inafananaje

Inachosha macho kuliko mikono. Siku ya kwanza hakuna panga. Kuna daftari, kamba ya kupimia na simu. Unachora ramani ya maziara, hata kwa mkono: mbuyu huu, ukuta huu, shahidi namba moja, namba mbili. Unapiga picha kila kaburi kutoka pande nne kabla jani halijaguswa. Jiwe lililoanguka linapigwa picha pale lilipoangukia, linapewa namba kwenye daftari, linaachwa. Fundi atakapokuja siku moja kusimamisha ukuta kwa mawe yaleyale, ataanza na picha hizo. Bila picha anakisia.

Kwenye maandishi watu hufanya kosa moja lenye nia njema: wanasugua chaki au unga ili herufi zionekane. Chaki inaingia kwenye matundu, na kusugua kunaondoa ukingo wa herufi. Njia nzuri haina gharama. Subiri jua lishuke, au washa tochi ukiiegemeza ubavuni mwa jiwe ili mwanga upite kandokando. Herufi ambazo mchana hazionekani zinatupa vivuli na kusimama. Mara ya kwanza nilipoona hilo nilinyamaza kwa muda.

Kisha mimea. Mche mdogo wa mkuyu uliochipua kwenye ufa unang'olewa kwa vidole ungali mchanga. Ukishakuwa mti, usiuvute kamwe, maana mizizi ndiyo inayoushika ukuta sasa. Ukiivuta unavuta na mawe. Unakatwa usawa wa ukuta, unaachwa ufe, kila chipukizi linakatwa linapotokea. Nyasi zinafyekwa, na zinazogusa jiwe zinang'olewa kwa mkono, kwa sababu fyekeo likikosea linakata shahidi. Moto ni mwiko. Moto wa majani haufikii joto la tanuu, lakini jiwe la matumbawe likipata joto la ghafla linapasuka.

Madoa meusi na kuvumwani juu ya mawe? Mara nyingi ni bora uviache. Vikizidi, maji matupu na brashi laini. Dawa ya kung'arishia nguo inaacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi tumeshaijua. Brashi ya waya na asidi sizitaji hata.

Sehemu nyingine kazi inahamia ufukweni. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zilitolewa hatarini mwaka 2014 baada ya ukarabati ulioshirikisha wenyeji. Adui mmoja mkubwa pale alikuwa mawimbi yanayokula ukingo wa kisiwa, na sehemu ya jibu ilikuwa kupanda mikoko. Mtu aliyeinama kwenye tope akichomeka mche wa mkoko huenda amefanya zaidi kwa ajili ya magofu kuliko aliyebeba ndoo ya zege.

Nani anaruhusu? Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu majengo na makaburi yaliyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu za kale, na kuyabadilisha bila kibali ni kosa hata kama aliyelala humo ni babu yako mzaa babu. Zanzibar ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale. Kenya ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006. Ofisi hizi hazina watu wa kutosha kufika kila kichaka, na ndiyo maana barua kutoka kwa kikundi cha kijiji, yenye ramani na picha, mara nyingi inapokelewa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Sheria hizi za mambo ya kale zisichanganywe na sheria nyingine ya Tanzania, ile ya kuhamisha makaburi ya 1969, inayotumika pale barabara au reli inapopita. Ile inahusu kuyatoa. Ila inafaa kukumbuka kwamba maziara yaliyofyekwa na kuchorewa ramani ni vigumu mpimaji kudai hakuyaona.

Wenzetu wa mbali wamejifunza haya kwa miaka mingi. Makaburi ya Highgate jijini London, yaliyofunguliwa 1839 na alikozikwa Karl Marx, yalikuwa msitu mtupu wakazi walipounda chama cha marafiki wa makaburi hayo mwaka 1975. Nusu karne baadaye chama kinaendelea, na miti mingi wameiacha kwa makusudi. Richmond, Virginia, kuna makaburi ya East End, ya Wamarekani weusi, yaliyoanzishwa 1897 na kutelekezwa. Watu wa kujitolea walianza kufyeka mwaka 2013, wikendi baada ya wikendi, wakaibua maelfu ya alama za makaburi chini ya magugu, na familia zikaanza kuwaona wazee waliodhani wamepotea. Hawakuanza na saruji wala rangi, walianza na mkasi wa miti.

Lakini kwa kweli hatuhitaji kwenda Virginia. Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, mji uliohamwa zamani, una kaburi lake la nguzo. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, ambao mapokeo yao yanasema wazee wao walitoka Takwa, huvuka maji kwenda kuomba dua hapo, mara mbili kwa mwaka. Hawajiiti watu wa kujitolea. Kaburi linalotembelewa halimezwi na kichaka.

Lile letu nililirudia mwaka jana, nikiwa na fundi mwashi mzee anayejua chokaa. Nilitaka kumwomba aibandue saruji yetu. Aligonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Imeshika jiwe, alisema, ukiibandua kwa patasi utaondoka na uso wote wa kaburi. Iacheni idondoke yenyewe, halafu nitawapaka chokaa kila panapofunguka. Kila masika kipande kinaanguka. Nilikiokota kimoja nikakigeuza: upande wa pili kilikuwa kimebeba unene wa kidole wa jiwe, na kwenye jiwe hilo mstari wa nakshi ambao sisi, siku ile ya pilau, hatukujua kwamba upo.